Akirudi nyumbani na vyuma mguuni, ni nani atakayemwosha?

Mtoto wa jirani yangu alirudishwa nyumbani Ijumaa jioni, ameketi kiti cha nyuma cha teksi, mguu wake wa kulia umenyoshwa juu ya mapaja ya mamake. Kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo palikuwa na fito mbili za chuma zilizoshikiliwa na pini nne. Pini hizo, unene wake karibu sawa na wa penseli, zilikuwa zimetoboa ngozi na kuzama ndani ya mfupa wa muundi. Watoto wa ploti walikusanyika kutazama. Akina mama wakashika vinywa. Kijana mwenyewe, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 22, aligeuza uso akawa anatazama ukuta.

Pikipiki aliyokuwa amepanda kuwahi somo la asubuhi iligongwa na gari dogo, mfupa ukavunjika na ncha yake ikachomoza nje. Hayo si mambo mapya kwetu. Tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda zimeenea kila kona ya nchi hii, na wadi za mifupa zimezijua vyema.

Kilichonishtua si vile vyuma. Ni kwamba kwa siku tisa hakuna mtu aliyevigusa. Mama mtu aliogopa kwamba akigusa pini, mfupa utateguka. Karatasi aliyopewa hospitalini ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Kuhusu kuosha, anakumbuka mtu fulani alimwambia jambo wakati akihangaika na malipo, lakini ni mzazi gani anayesikia sawasawa akiwa kwenye foleni ya kulipa bili huku mwanawe anaugua kwenye benchi? Siku ya kumi chumba kikaanza kunuka. Pini ya chini kabisa ilikuwa imezungukwa na wekundu na usaha wa rangi ya manjano, na kijana hakuweza kuvumilia hata shuka kumgusa.

Ndiyo sababu juma hili nimeamua tuzungumzie vyuma hivi. Familia nyingi mjini hukutana navyo kwa mara ya kwanza siku ambayo mgonjwa anaruhusiwa kutoka hospitali, na kuanzia hapo uuguzi unakuwa kazi ya mama, mke, ndugu au mpangaji wa chumba cha pili.

Kwanza tuelewe kwa nini daktari alichagua vyuma vya nje badala ya plasta. Mfupa ukivunjika na ngozi ikabaki nzima, plasta mara nyingi yatosha, au daktari hupasua na kuweka chuma ndani. Lakini mfupa ukitoboa ngozi, uchafu wa barabarani huingia, nyama huchanika na mguu huvimba. Ukifunika jeraha la namna hiyo kwa plasta huwezi kuliona wala kulisafisha. Ukizika chuma kikubwa ndani yake, viini vinaweza kukifanya makao yao. Kwa hivyo daktari hupitisha pini juu na chini ya mahali palipovunjika, mbali na jeraha, na kuziunganisha kwa fito nje ya mguu. Mfupa unatulia, na kidonda kinabaki wazi kwa matibabu. Kwa wengine vyuma hivyo ni vya muda wa siku au majuma machache tu, kisha hubadilishwa. Kwa wengine hukaa hadi mfupa uungane, na kwa muundi uliovunjika vibaya hiyo yaweza kuwa miezi mitatu, sita, au hata zaidi.

Aina nyingine utakayoiona ni ile ya pete kubwa zinazouzunguka mguu, zilizoshikwa na nyaya nyembamba zilizokazwa kama za baiskeli. Hiyo ilibuniwa na Gavriil Ilizarov, daktari aliyefanya kazi mjini Kurgan, Siberia, baada ya vita vikuu vya pili. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa na kuvutwa polepole, milimita moja tu kwa siku tena kwa vipande vinne vya robo milimita, huota mfupa mpya katikati. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Valeriy Brumel, aliyeshinda dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964 na kuvunjika mguu vibaya kwa ajali ya pikipiki mwaka uliofuata. (Pikipiki tena! Haikuchagua bingwa wala mwanafunzi.)

Sasa turudi kwenye ploti yetu. Palipoingia kila pini ni mlango ulioachwa wazi, na mfupa upo chini yake. Tatizo linalowapata zaidi wenye vyuma hivi ni mlango huo kuingia viini. Mara nyingi likigunduliwa mapema hutibika kwa kusafishwa na vidonge. Likiachwa, viini hushuka na pini hadi kwenye mfupa, pini hulegea, na ugonjwa wa mfupa ni mgeni asiyependa kuondoka.

Muuguzi wa zahanati iliyo karibu nasi ndiye aliyeokoa mambo. Alikuja, akamketisha mama kando ya kitanda, akaosha pini mbili mwenyewe huku mama akitazama, kisha akamwachia mama zile mbili zilizobaki huku yeye akitazama. Nilipenda sana mtindo huo. Maelezo ya mdomo hupotea kabla ya kufika kituo cha matatu, lakini mkono uliofanya kazi mara moja mbele ya mwalimu hausahau upesi. Ukiwa na mgonjwa wadini hivi sasa, msomaji, usikubali kuondoka kabla hujaosha angalau pini moja mbele ya muuguzi. Omba pia uandikiwe: utumie maji gani, mara ngapi, na upige simu wapi.

Kazi yenyewe huanza na mikono. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kuchovya kwenye karai ambalo limeoshewa vyombo. Maji ya chumvi unaweza kupewa hospitalini, au ukatengeneza mwenyewe iwapo wamekuruhusu: chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funika yapoe katika sufuria ile ile. Yatengeneze mapya kila mara. Yale ya jana mwagia sinki.

Chukua kipande cha shashi safi, kiloweshe, zungusha kwenye shina la pini ukianzia pale inapokutana na ngozi na kuelekea nje, kisha kitupe. Pini ya pili ina kipande chake. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa kutaka kubana matumizi. Kipande kimoja kikizunguka pini zote nne, basi pini moja mbovu imewaambukiza wenzake watatu. Shashi ni afadhali kuliko pamba, maana pamba huacha nyuzi zinazojiviringisha kwenye chuma. Ukimaliza, kausha vizuri na ufunge shashi kavu kuzunguka pini kama ulivyoonyeshwa, ikibana kidogo ili ngozi isipande na kushuka kwenye chuma. Ngozi inayochezacheza kwenye pini ndiyo inayochubuka. Vyuma vyenyewe pia vifutwe vumbi.

Utasikia majirani wakibishana kama ni kila siku au mara moja kwa juma, maji ya chumvi au dawa ya klorheksidini. Ukweli ni kwamba hata hospitali zenyewe hazifanani. Tafiti zilizolinganisha njia hizo hazijatoa ushahidi wa kutosha kusema kwamba moja inazishinda nyingine. Kwa hivyo fuata uliyofundishwa na wadi yako, na usibadilishe kwa sababu shemeji wa fulani alifanya vingine.

Kuna mambo ambayo hata hivyo hayana ubishi. Usipasue vidonge vya antibiotiki na kunyunyiza unga wake kwenye tundu. Najua desturi hii imezoeleka sana, lakini unga ule hugandamana na majimaji ukafanya kizibo, na usaha ukakosa njia. Mafuta ya kujipaka, majani yaliyopondwa, mafuta ya taa na spiriti visikaribie. Yale maji ya duka la dawa yanayotoa povu jeupe kwenye kidonda yaache pia, kwani huumiza nyama changa inayojaribu kuota.

Je, kila majimaji ni hatari? La. Siku za mwanzo tundu huweza kutoa majimaji meupe kama maji, au yenye damu kidogo, na hilo halitishi. Mama alipaswa kushtuka alipoona wekundu unaotanuka, joto, uvimbe, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, majimaji mazito yenye harufu, au pini inayotikisika. Homa nayo isipuuzwe wala isisingiziwe malaria moja kwa moja. Mambo hayo yakitokea hutangoji tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda kesho yake asubuhi, au usiku huo huo iwapo mgonjwa ana homa na kutetemeka.

Na yapo mawili yasiyongoja hata asubuhi. La kwanza, katika siku za mwanzo hasa: maumivu makali mno yasiyosikia dawa, ndama ya mguu imekaza kama ubao, na mgonjwa analia ukimnyosha vidole, au vidole vimekufa ganzi, vimepoa na kubadilika rangi. Hiyo ni dalili kwamba uvimbe umebana damu ndani ya mguu, na saa chache tu zinaweza kuamua kama mguu utabaki. La pili ni ndama kuvimba na kuuma ghafla, au mgonjwa kuishiwa pumzi na kuumwa kifua. Huenda damu imeganda na kusafiri hadi mapafuni.

Halafu kuna nati. Vijana wa mtaa wetu wana spana kwa kila kitu, na mmoja wao alijitolea kwa moyo mweupe kumkazia mwenzake nati aliyoona imelegea. Asante, lakini hapana. Nati moja ikigeuzwa ovyo, mfupa unapinda. Ikilegea, mguu utulizwe na mgonjwa arudi hospitali. Wanaogeuza nati wenyewe ni wale wa vyuma vya pete wanaorefushwa mfupa, na hao huwa wamefundishwa ni nati ipi, mara ngapi kwa siku, na hupewa karatasi ya kuweka alama.

Nimeuliza katika kichwa cha makala haya ni nani atakayemwosha. Sikuwa nauliza juu ya pini tu. Kijana wa miaka 22 ambaye hawezi kuinama wala kuchuchumaa anahitaji mtu wa kumsaidia kuoga na kwenda haja. Yule wetu alikataa kuogeshwa na mamake. Alikaa siku nyingi akijipangusa uso na kwapa, akala kidogo makusudi ili asiende chooni. Mamake alimsihi, "Baba, mimi ndiye niliyekuzaa, wanionea haya gani?" Naye akajibu kwa upole, "Mama, tafadhali." Alikuwa na haki, na mama naye alikuwa na haki. Mwisho wake aliitwa binamu yake kutoka mashambani, rika lake, akaja kukaa naye mwezi mzima. Huyo ndiye aliyemwogesha, mguu ukiwa umefunikwa mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri juu ya goti na kunyoshwa juu ya stuli nje ya maji. Seremala wa mtaani alitoboa kiti cha mbao katikati kikawekewa ndoo chini, maana choo cha kuchuchumaa hakiwezekani kabisa kwa mtu wa namna hii. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya teksi kwenda hospitali.

Baada ya hapo alianza kula. Hilo nalo si dogo, kwa sababu mfupa hauungani kwa chai na mkate. Maharagwe, ndengu, omena, mayai, maziwa na sukuma wiki vinatosha. Si lazima supu ya mifupa kila siku, ingawa shangazi wa familia hawatakubali. Kuhusu sigara sitapunguza makali ya maneno: moshi hupunguza damu inayofika kwenye mfupa na huchelewesha kuungana. Mgonjwa mwenye kisukari naye aangalie sukari yake kwa makini zaidi, kwani viini hupenda mwili wa namna hiyo.

Mguu ulazwe juu ya mito, wisho wake uwe juu kuliko moyo, hasa majuma ya mwanzo. Ncha za pini zifunikwe. Kifuniko cha plastiki cha chupa ya dawa au kipande cha sponji kitazuia kukwaruza mguu wa pili na kuchana shuka. Chandarua kifungwe juu zaidi kisinase kwenye vyuma, la sivyo mtu akigeuka usingizini mtasikia ukelele. Suruali ipelekwe kwa fundi apasue mshono wa upande mmoja na kutia vifungo.

Lakini kulala tu ni hatari nyingine. Mguu uliotulizwa kwa majuma mengi huelekea kunyooka kwenye kifundo, kisigino kikapanda, kano ya nyuma ikafupika. Siku vyuma vinapotolewa mfupa umepona, ila mtu anatembea kwa vidole. Mzuie mapema. Pitisha leso chini ya unyayo, mgonjwa ashike ncha zote mbili na kuuvuta wayo taratibu kumwelekea, ahesabu hadi 20, aachie, arudie, mara kadhaa kwa siku. Vidole navyo avichezeshe kila akumbukapo. Kuhusu kukanyaga, daktari ndiye anayesema ni lini na kwa uzito gani. Wengine huruhusiwa kugusa chini mapema huku wakiegemea magongo, wengine hungoja. Usiache kliniki kabla hujauliza hilo kwa maneno wazi.

Upande wa akili husahaulika. Kijana huyu hakutaka wenzake wa chuo wamwone. Alisema anafanana na mlingoti wa simu. Mgeni wa kwanza aliyemchekesha ni mtoto wa darasa la pili aliyeuliza kama vyuma hivyo vinashika idhaa ya mpira. Wanafunzi wanaosoma makala haya, mkiwa na mwenzenu nyumbani katika hali hii mpelekeeni madaftari na mkae naye. Na wazazi wa watahiniwa wasikate tamaa upesi, kwani watahiniwa wa KCSE wamewahi kufanyia mitihani hospitalini; mwalimu mkuu apashwe habari mapema ili aombe mpango huo.

Lazima pia niseme neno juu ya waunga mifupa wa kienyeji, maana katika juma la tatu mjomba mmoja alishauri vyuma vitolewe na kijana apelekwe akakandwe. Sidharau ujuzi wa wazee. Lakini mfupa uliotoboa ngozi si wa kukandwa, na pini zikitolewa kabla ya wakati mfupa unarudi ulikotoka. Mjomba alisikilizwa kwa heshima, akapewa chai, akarudi kwake.

Kijana alirudishwa hospitali, si siku ya kliniki bali wiki nne kabla yake. Pini ile ya chini ilikuwa imelegea, ikabidi itolewe na nyingine iingizwe mahali papya. Alimeza dawa kwa majuma kadhaa, na muhula mzima wa masomo ukampita. Zile pini tatu zilizobaki, mamake aliziosha hadi mwisho, kila jioni baada ya taarifa ya habari, na hazikumsumbua tena.

Vyuma vilitolewa mwezi wa saba. Wengi huogopa siku hiyo kuliko ile ya kuwekwa, ila mara nyingi pini za kawaida hutolewa pale pale kliniki bila kulazwa usingizi. Mtu huhisi kusokotwa na kuvutwa, kisha basi. Matundu hufungwa shashi na kwa kawaida hujiziba yenyewe, yakiacha makovu madogo ya mviringo. Asilolijua kijana ni kwamba ndani ya mfupa matundu yale huchukua majuma zaidi kujaa, na wakati huo mfupa ni dhaifu kama ubao uliotobolewa misumari. Daktari alimwambia aendelee na gongo moja, asikimbie, asicheze kandanda, na asipande pikipiki.

Gongo analo bado. Jumamosi iliyopita nilimwona amesimama kituoni, matatu mbili zimempita zimejaa, mwenye bodaboda anampigia honi kwa mbali. Alitikisa kichwa, akaegemea gongo lake, akangoja ya tatu.